MNYONGE MNYONGENI, LAKINI MSIMFUNGIE MLANGO



Ipo karatasi moja ambayo jamii nyingi za Eastleigh zinaifahamu vyema. Ni karatasi ya mistari iliyong'olewa katikati ya daftari, ikaandikwa kwa mkono, ikagongwa muhuri wa gereza, na juu yake pana neno moja kubwa: RUFAA. Mama huikunja ndani ya Biblia yake, na jirani yake wa ng'ambo ya barabara huikunja ndani ya Msahafu, maana msiba huu haubagui dini. Katika karatasi hiyo kijana aliyeshtakiwa, akahukumiwa na kufungwa bila kusimamiwa na wakili hata siku moja, huwaeleza majaji kwamba ushahidi haukutosha. Na mara nyingine, chini kabisa, huongeza sentensi iliyo nzito kuliko zote: kwamba sheria yenyewe iliyomfunga haipatani na Katiba ya Kenya.

Jarida hili linauliza swali moja tu. Sentensi hiyo ikifika mbele ya majaji wa rufaa, husikizwa?

Jibu letu ni chungu. Kwa zaidi ya miaka 45 mahakama za juu za nchi hii zimepata, kila kizazi kwa namna yake, sababu ya kutoisikiza. Katika enzi ya chama kimoja, mnyonge aliambiwa kwamba mlango haupo. Siku hizi anaambiwa kwamba mlango upo, ila yeye amepitia usio wake. Kwa aliyesimama nje mvuani, tofauti ya majibu hayo mawili ni ndogo sana.

PAULO NA TERTULO

Wakristo wenzetu wanaijua habari ya Mtume Paulo kizuizini Kaisaria. Wazee wa Yerusalemu walipokwenda kumshtaki mbele ya liwali Feliki, hawakwenda mikono mitupu. Walikodi msemaji hodari, Tertulo, mtu aliyejua kumsifu liwali kwanza ndipo amkandamize mshtakiwa. Paulo hakuwa na Tertulo wake. Alisimama, akajitetea mwenyewe. Feliki akamweka kizuizini miaka miwili, akitumaini kupewa hongo. Alipokuja Festo, Paulo akakata rufaa kwa Kaisari.

Sasa tazameni alilofanya Festo, mpagani, mtumishi wa dola la Kirumi. Hakumrudishia Paulo rufaa yake kwa kuwa haikuandikwa kwa utaratibu. Alikubali kwamba imekatwa, kisha akamleta mbele ya Mfalme Agripa ili apate la kuandika, kwa kuwa aliona si busara kumpeleka mfungwa kwa Kaisari bila ya kueleza hoja ya shauri lake. Yaani mfungwa alitamka rufaa, na kazi ya kuipanga ikawa ya mtawala. Je, majaji wa Jamhuri yenye Katiba iliyopigiwa kura na wananchi watakubali kupitwa na Festo?

MILANGO YA ENZI YA CHAMA KIMOJA

Tuwakumbushe vijana, maana asiyejua alikotoka hajui aendako.

Katiba ya zamani ilikuwa na kifungu cha 84, kilichompa mwananchi ruhusa ya kwenda Mahakama Kuu akadai haki zake za msingi. Mwaka 1979 mwananchi aliyeitwa Anarita Karimi Njeru, baada ya kushindwa katika rufaa yake ya jinai, alikitumia kifungu hicho. Majaji Trevelyan na Hancox wakasema kwamba anayelalamikia kuvunjwa kwa Katiba sharti aeleze kwa usahihi wa kutosha analolalamikia, kifungu kilichovunjwa, na namna kilivyovunjwa. Alipokwenda mbele, Mahakama ya Rufaa ikasema kwamba katika shauri la namna hiyo hakuna haki ya kukata rufaa kwake. Basi msumari mmoja ukagongwa juu ya mwingine: eleza kama wakili, na ukishindwa kueleza kama wakili, usiende juu.

Kwa mwenye fedha, sharti la usahihi ni jambo la kumlipa mtu akuandikie. Kwa mfungwa wa Kamiti mwenye kipande cha penseli, lilikuwa ukuta. Na ukuta huo ulitumiwa kwa zaidi ya miaka 30 kuwarudisha watu.

Kisha ukaja mwaka 1989, na kesi ya Maina Mbacha na wenzake. Jaji Norbury Dugdale aliamua kwamba kifungu cha 84 hakiwezi kufanya kazi hata kidogo, kwa sababu Jaji Mkuu hakuwa ametunga kanuni za kukitekeleza. Tafakarini hilo, ndugu. Haki za binadamu zimeandikwa katika Katiba, lakini hazidaiki, kwa kuwa ofisa mmoja wa serikali hajaandika kanuni! Ni kama kumwambia mwenye njaa kwamba ghala limejaa, ila hatapewa chakula kwa kuwa mwenye ghala hajachonga ufunguo.

Hukumu hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Mwaka 1988 Wakenya walikuwa wamepigishwa kura ya mlolongo, na mwaka huo huo Bunge likawaondolea majaji ulinzi wa kazi zao. Jaji aliyejua kwamba anaweza kufutwa kabla ya jioni hakutazamiwa kumpinga mkubwa asubuhi. Ndiyo maana tarehe 7 Julai 1990 umati ulielekea Kamukunji, hapa hapa jirani na Eastleigh. Wengine walidhani tunadai vyama tu. La! Tulidai pia kwamba mtu akionewa awe na mahali pa kusemea.

Jasho hilo halikupotea. Ulinzi wa majaji ulirudishwa mwaka 1990. Kifungu cha 2A kikafutwa Desemba 1991. Katika mageuzi ya mwaka 1997 yaliyotokana na mazungumzo ya IPPG, makosa ya uchochezi yakaondolewa katika Sheria ya Adhabu, leseni ya kuitisha mkutano wa hadhara ikaondoka ikabaki taarifa kwa polisi, na mwananchi akapewa haki ya kukata rufaa katika mashauri ya kifungu cha 84. Kanuni zilizosemekana kukosekana zikatungwa mwaka 2001, zikatungwa tena mwaka 2006.

Halafu ikaja Katiba ya mwaka 2010. Kifungu chake cha 22 kinasema kwamba taratibu za kudai haki ziwe chache kadiri iwezekanavyo, kwamba mahakama, inapobidi, ipokee madai yasiyo na mpangilio rasmi, na kwamba hakuna ada ya kufungua shauri. Kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa wakili kwa gharama ya serikali pale ambapo kumkosa kutaleta dhuluma kubwa. Kifungu cha 159 kinawaagiza majaji watoe haki bila kujali kupita kiasi mambo ya kiutaratibu. Kanuni za mwaka 2013 zikaruhusu hata barua, hata ombi la mdomo, kupokelewa kama shauri la kikatiba. Na mwaka huo huo Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya Mumo Matemu, ikalegeza kamba ya Anarita kwa kueleza kwamba usahihi unaotakiwa si ule wa kupima kwa uzi.

Tulidhani mlango umefunguka.

MLANGO NA ANWANI YAKE

Tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Francis Muruatetu na mwenzake, iliamua kwamba si halali kikatiba kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo bila ya kumsikiza aliyehukumiwa kuhusu adhabu yake. Magereza yalishangilia. Waliokuwa wamehukumiwa kifo, wa mauaji na wa wizi wa mabavu, walianza kurudi mahakamani kuomba wapangiwe adhabu upya, na wengi walisikizwa.

Tarehe 6 Julai 2021 Mahakama hiyo hiyo ikatoa maelekezo: hukumu ya mwaka 2017 inahusu mauaji peke yake. Wenye makosa mengine ya kifo, kama uhaini na wizi wa mabavu, shauri lao lifunguliwe inavyotakiwa, lijadiliwe kikamilifu mbele ya Mahakama Kuu, ndipo lipande ngazi moja baada ya nyingine.

Msomaji, simama hapo kidogo. Mshtakiwa wa mauaji hufikishwa Mahakama Kuu, na kwa miaka mingi serikali ndiyo iliyomlipia wakili. Mshtakiwa wa wizi wa mabavu, ambaye adhabu iliyoandikwa katika Sheria ya Adhabu ni kifo kile kile, hufikishwa mbele ya hakimu, katika korti kama zile za Makadara wanakopelekwa vijana wetu wa Eastlands, na kwa miaka mingi hakulipiwa mtu. Mmoja alikuwa na wakili, mwingine alimhoji shahidi wa polisi kwa mdomo wake mkavu. Leo yule aliyepewa wakili ndiye aliyepata nafuu. Yule ambaye hakupewa wakili ndiye anayeambiwa: nenda ukaijenge kesi yako mwenyewe, kamili, kuanzia msingi. Mwenye nacho ameongezewa!

Wimbo huo uliendelea. Tarehe 12 Julai 2024 Mahakama ya Juu ilitengua uamuzi wa Mahakama ya Rufaa ya Nyeri uliokuwa umepunguza kifungo cha lazima katika kesi ya unajisi. Ilisema kwamba mipaka ya adhabu huwekwa na Bunge, na kwamba swali la uhalali wa sheria hiyo halikuwa limepandishwa kutoka chini kwa njia iliyo sawa. Tarehe 11 Aprili 2025 ikatengua uamuzi wa Mahakama ya Rufaa ya Malindi, ambao mwaka 2023 ulikuwa umesema kwamba kifungo cha maisha kisicho na kikomo kinavunja Katiba. Sababu ilikuwa ya namna ile ile: swali hilo halikuibuliwa katika Mahakama Kuu, na kueleza maana ya kifungo cha maisha ni kazi ya Bunge.

Hatusemi kwamba majaji hao wametumwa na Ikulu. Huo ungekuwa uongo, na uongo haujengi mageuzi. Tunasema jambo zito kuliko hilo: kwamba majaji huru, wenye Katiba bora, wanaweza kumfikisha mnyonge pale pale alipofikishwa na majaji waliokuwa na hofu.

Maana ni nani hushindwa kuibua hoja ya kikatiba mahali panapofaa? Si tajiri. Wakili wa tajiri huiandika hoja hiyo siku ya kwanza, mbele ya hakimu, na nakala akaiweka. Hushindwa yule ambaye alisikia neno "Katiba" kwa mara ya kwanza kutoka kwa mfungwa mwenzake, miaka saba baada ya kufungwa, rufaa yake ya kwanza ikiwa imekwisha kutupwa. Sheria inayosema "ungelisema mapema" humwadhibu mtu kwa kukosa elimu ambayo dola lenyewe lilipaswa kumsaidia nayo.

HOJA ZA WANAOTUPINGA

Wapo watakaotwambia: mnawatetea wanajisi na majambazi. Tunajibu bila kutafuna maneno. Katika shauri la Malindi aliyedhulumiwa alikuwa mtoto mdogo. Mtoto huyo ana madai mbele ya Mungu na mbele ya mahakama, na yeyote atakayemsahau ili kumwonea huruma mkosaji hastahili kuitwa mwanamageuzi. Lakini mtoto huyo hafaidiki chochote kwa mahakama kukataa kulijibu swali. Angefaidika kwa jibu lililo wazi, lililotolewa mapema, ambalo halingemrudisha mama yake katika habari hiyo mwaka 2023 na tena mwaka 2025. Kama sheria ni halali, isemwe kwamba ni halali, na sababu zitolewe. Mnyonge mnyongeni, walisema wahenga, lakini haki yake mpeni. Hawakusema msimnyonge. Walisema haki yake isizikwe pamoja naye.

Wapo pia watakaosema, na hawa ni wenye hekima zaidi: jaji hawezi kuifuta sheria ya Bunge kwa ajili ya sentensi moja katika barua ya mfungwa, na Mwanasheria Mkuu hakupewa nafasi ya kujibu. Hoja hii tunaikubali. Sisi tuliozomea hukumu za gizani hatuwezi kutaka sheria zifutwe gizani. Lakini je, tiba ya swali lililoletwa nusu ni kulitupa? Tiba yake ni kulikamilisha. Mahakama inaweza kusimamisha shauri, ikamwita Mwanasheria Mkuu, ikateua wakili wa kumsemea mfungwa, au ikalirudisha swali Mahakama Kuu pamoja na amri kwamba lisikizwe.

Hilo si jambo geni duniani. Mwaka 1962 mfungwa maskini wa Florida, Clarence Earl Gideon, aliiandikia Mahakama ya Juu ya Marekani kwa penseli, katika karatasi za gereza, kwamba alihukumiwa bila wakili. Mahakama haikumkejeli kwa mwandiko wake. Ilimteulia wakili hodari, Abe Fortas, na tarehe 18 Machi 1963 ikaamua kwamba majimbo sharti yampe wakili mshtakiwa wa kosa kubwa asiyejiweza. India nayo, mfungwa Sunil Batra alipoandika barua kueleza mateso ya mfungwa mwenzake, Mahakama ya Juu iliipokea barua hiyo kama shauri. Nchi hizo si za malaika. Lakini zilitambua kwamba mwandiko mbaya hauifanyi haki kuwa batili.

TUNAYODAI

Kwanza, mshtakiwa au mrufani asiye na wakili akitamka kwamba sheria inavunja Katiba, hakimu au jaji aliandike neno hilo katika kumbukumbu, naye aelezwe papo hapo ni wapi na vipi linapaswa kupelekwa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 tayari inaiagiza korti imweleze mshtakiwa asiye na wakili haki yake ya kuwakilishwa. Agizo hilo litekelezwe kwa sauti na kwa lugha anayoielewa, lisibaki alama ya kalamu katika jalada.

Pili, hoja ya kikatiba iliyoletwa na mtu aliyejitetea mwenyewe isitupwe na mahakama ya rufaa kwa sababu ya kupitia mlango usio wake. Irudishwe mlango unaostahili, ikiwa na wakili.

Tatu, Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria ipewe fedha za kutosha kulingana na kazi iliyokabidhiwa. Mahakama ya Juu ilieleza mwaka 2017, katika kesi ya Karisa Chengo, kwamba katika kuamua nani apewe wakili hutazamwa uzito wa kosa, ukali wa adhabu, uwezo wa mshtakiwa na elimu yake. Kwa vipimo hivyo, kijana anayekabiliwa na kifo kwa wizi wa mabavu, asiye na shilingi wala cheti cha shule, anastahili wakili kuliko wengi.

Nne, Bunge liache kukaa kimya. Majaji wamelirushia mpira mara kwa mara. Ikiwa adhabu ni kazi ya Bunge, basi Bunge lifanye kazi.

NASI JE?

Ndugu zangu wa makanisa ya Eastleigh, Pumwani na Pangani, na ninyi wanaharakati ambao miguu yenu inajua njia ya Kamukunji: tusiishie kulaumu. Mahakama imesema shauri lifunguliwe inavyotakiwa mbele ya Mahakama Kuu. Vema. Imetupa anwani ya mlango, twende tukabishe.

Kifungu cha 22 cha Katiba hakimruhusu mwathiriwa peke yake kudai. Kinamruhusu mtu kudai kwa niaba ya asiyeweza, kinaruhusu chama, na kinaruhusu yeyote anayetetea maslahi ya umma. Maana yake ni kwamba parokia inaweza. Baraza la wazee wa kanisa linaweza. Kikundi cha akina mama kilichosajiliwa kinaweza. Kama shauri la waliohukumiwa kifo kwa wizi wa mabavu limekwisha kufunguliwa mahali, tuombe kujiunga nalo. Kama halijafunguliwa, tulifungue sisi. Ada ya kulifungua hakuna. Kinachotakiwa ni watu wa kukusanya majalada, kuyapanga, na kuketi na wakili aliyejitolea.

Kila Jumapili, baada ya ibada, iwekwe meza moja nje ya kanisa. Wenye jamaa gerezani walete hukumu, karatasi za mashtaka na rufaa zilizotupwa, zinakiliwe na kuhifadhiwa. Kituo cha Sheria, kilichoanzishwa mwaka 1973, kimewafunza wafungwa kuwa wasaidizi wa kisheria ndani ya kuta za magereza. Ikiwa mfungwa ameweza kujifunza sheria kwenye sakafu ya saruji, mwalimu wa shule ya Jumapili hawezi kushindwa. Na kijana yeyote atakayekamatwa leo afundishwe mambo mawili kabla hajajibu mashtaka: aombe wakili kwa sauti, na aombe ombi lake liandikwe katika kumbukumbu za korti.

Bwana wetu alisimulia habari za mjane aliyemwendea kadhi dhalimu kila siku, bila wakili, bila karatasi, mpaka kadhi akachoka. Tumezoea kuisoma habari hiyo kama fundisho la kusali. Na tuisome pia kama fundisho la kukata rufaa. Mjane hakuwa na Tertulo. Alikuwa na miguu, na hakuacha kurudi.

Mama mwenye karatasi ndani ya Biblia yake amekwenda peke yake mara nyingi mno. Safari ijayo tumsindikize.